Grand Canyon kwa miguu na kulala Phantom Ranch: riviu ya mgumu mstaafu

Riviu bila kumjua anayeandika ni kama kununua embe gizani, kwa hiyo nijitambulishe kwanza. Mimi ni mtoto wa Marangu, nimebeba mizigo Kilimanjaro miaka sita kabla sijaja huku Marekani, wale tunaojiita wagumu, kilo 20 kichwani na bado unampita mgeni njiani unamwambia pole pole huku unakaribia kukimbia. Sasa hivi naishi Phoenix, Arizona, natunza wazee zamu ya usiku, na tumbo limeanza kunitangulia mlangoni. Sasa shemeji yangu aliponiambia tukashuke Grand Canyon, lile korongo kubwa la hapa Arizona, tulale chini halafu kesho yake tupande, nilimcheka. Nikamwambia shem, hilo si shimo tu? Mimi nimetoka mlimani bwana.

Dah. Nimerudi na kucha mbili nyeusi na heshima kubwa.

Kwa wanaotaka jibu fupi: njia nyota tano, banda la kulala nyota nne na nusu, mimi mwenyewe nyota mbili. Anayetaka habari kamili aendelee.

Kitu ambacho hamna mtu alinielewesha, au walinielewesha sikusikia, ni kwamba hili ni mlima uliopinduliwa. Kili unapanda ukiwa na nguvu, ukichoka au kichwa kikianza kugonga unageuza, na kule kushuka kwenyewe ndo dawa, mgeni anayetapika kambi ya juu ya Kibo ukimfikisha kambi ya chini yake ya Horombo anaanza kuuliza chakula kipo. Hapa ni kinyume. Kushuka kunakuja kwanza, rahisi, upepo mzuri, unapiga picha, unaimba, na kila hatua unayoifurahia ni deni utalilipa kesho yake ukiwa na miguu mibovu na jua limekaza. Huwezi kushindwa halafu ukageuka ukaenda chini, chini ndo umetoka. Hifadhi wenyewe wanasema kila mwaka wanawaokoa watu zaidi ya 250 humo ndani, na wameweka mabango kila mahali yanayokwambia usithubutu kwenda mtoni kule chini na kurudi siku hiyo hiyo. Nilipoyaona pale juu nikadhani ni mambo ya wazungu kuogopa kesi.

Kupata nafasi ndo mtihani wa kwanza. Phantom Ranch ndo mahali pekee pa kulala chini kule kama hutaki hema, na nafasi zinatolewa kwa bahati nasibu, unaomba miezi 15 kabla, yaani unaomba leo kulala mwaka kesho mwishoni na hujui hata kama utakuwa na kazi. Sisi hatukushinda. Shemeji akawa kila usiku anaingia kwenye mtandao wao kuangalia kama kuna mtu ameghairi, karibu miezi miwili, dada yangu akaanza kumshuku ana mwanamke, mpaka siku moja akapata banda la watu wawili mwezi wa nne. Bei yake ni kama hoteli ya maana mjini, na chakula unalipia tofauti na unaagiza mapema kabla hujafika, usije ukasema hukuambiwa. Getini tulilipa dola 35 kwa gari moja, siku saba.

Kutoka Phoenix ni mwendo wa saa tatu na nusu kwa gari, unapita Flagstaff. Tulilala mji wa karibu, asubuhi saa kumi tukaamka. Jamani baridi! Huko juu ni zaidi ya mita 2,000, mwezi wa nne alfajiri bado maji yanaganda kwenye dimbwi, wakati Phoenix nimeacha watu wanalala na feni. Mwanzo wa njia ya South Kaibab huruhusiwi kupeleka gari lako, unapanda basi la bure la hifadhi, lipo moja la alfajiri maalum kwa wanaoshuka. Ndani ya basi kimya, kila mtu anakagua begi lake kwa mara ya kumi. Pembeni yangu alikaa bibi mmoja wa miaka sabini na kitu, mzungu mwembamba kama fimbo, ana stiki mbili na kofia iliyopauka. Nikamhurumia. Mshikeni huyo bibi kwenye kumbukumbu.

Sasa njia yenyewe. Imechongwa ubavuni kwenye mwamba, inakata kona kona kali mwanzoni, halafu inatoka kwenye kigongo na pande zote mbili hamna kitu, ni hewa. Nimeona vitu vikubwa maishani mwangu, nimesimama Gilman's Point, kule juu karibu na kilele cha Kili, jua linachomoza, lakini hapa macho yanakosa pa kushika, yaani unaangalia ukuta wa ng'ambo unadhani uko hapo tu, kumbe ni kilomita nyingi, kinachokuonyesha ni ndege anapita katikati anaonekana kama nzi. Kuna sehemu wameiita Ooh Aah Point, jina la kijinga nikasema, tulipofika nikasema "ooh" na shemeji akasema "aah", tukacheka wenyewe.

South Kaibab haina maji. Narudia, haina hata bomba moja, kutoka juu mpaka mtoni, na kivuli ni cha kuokoteza. Ni kama kilomita 11, unateremka karibu mita 1,460. Tulibeba lita nne kila mmoja na nilirudisha nusu lita tu. Cedar Ridge kuna choo na mahali pa kukaa, Skeleton Point ndo unauona mto Colorado kwa mara ya kwanza, uzi wa kijani chini kabisa, na hapo ndo nilipoanza kuhisi vidole vya mguu vinagonga mbele ya buti. Hizo buti nilinunua duka moja hapa Phoenix, kijana muuzaji akaniapia hazihitaji kuzoeshwa, vaa leo panda kesho. Mimi niliyepanda Kili na raba za mtumba nikamwamini. Kila hatua ya kushuka kucha inapiga ukuta, tok, tok, tok, mpaka chini, na kushuka kote kulichukua masaa manne na nusu. Mgumu mzima, natembea ubavu ubavu kama kaa.

Mimea imenishangaza. Juu kuna misonobari, ukishuka inaisha, vinabaki vichaka vikavu na mipungate, halafu nikaona mkonge! Siyo ule mkubwa wa Tanga, ni mdogo mdogo wa mwituni, ila ukoo ni huo huo, miba ile ile, na mwingine umechomoza ule mti wake wa maua juu kama antena. Nilisimama nikauangalia kama mtu aliyekutana na mtu wa kwao stendi ya ugenini.

Nyumbu sasa. Siyo wa Serengeti, watani, nasema nyumbu mtoto wa punda na farasi. Kila kitu kinachoingia Phantom Ranch kinaingia kwa mgongo wao, nyama, mayai, shuka, bia, na taka na barua zinatoka kwa mgongo huo huo. Wakija unatakiwa usimame upande wa ndani, wa ukuta, sio wa korongo, ukae kimya, ufuate anachosema yule anayewaongoza, na usitembee mpaka wa mwisho awe amekwenda kama mita 15. Walitupita watano, wamefungwa kwa mstari, masanduku pande zote mbili, jasho limechora ramani shingoni, na wa mwisho akageuza jicho akaniangalia. Nimesimama pale mgongo umebana ukutani, nikajikuta nimetoa kofia. Shemeji ananiuliza vipi, nikamwambia shem, hawa ni wenzangu.

Utani pembeni, hapa kuna huduma ya kulipia nyumbu akubebee begi, mwisho kama kilo 13 na nusu. Shemeji alilipa. Mimi nikakataa, nikasema nitabebewaje na nyumbu mimi niliyebebea watu? Kiburi hicho nilikilaani kesho yake kuanzia saa nne asubuhi. Na kitu kimoja riviu za wazungu hazisemi, nyumbu wanakojoa njiani, na wanakojoa sehemu zile zile, kuna mabwawa ya mkojo kwenye kona kabisa ambayo huwezi kuyaruka, na jua likipiga, harufu inakuja mpaka kwenye sandwichi. Leta miwani ya jua na barakoa.

Ukikaribia mtoni unaingia kishimo kifupi kwenye mwamba, giza, unatokea moja kwa moja juu ya daraja linaloning'inia. Daraja hilo lilikamilika 1928. Kebo zake kubwa, kila moja karibu tani moja, zisingewezekana kupakiwa kwa nyumbu, kwa hiyo zilishushwa na watu, wanaume 42 wa kabila la Havasupai, wenyeji wa humo humo, wamejipanga mstari kebo imelala mabegani mwao, kwa njia ile ile iliyonitoa kucha. Niliposoma hiyo habari nilikaa chini. Hebu fikiria wewe uko katikati ya mstari, wa mbele yako kafika kwenye kona, wa nyuma yako bado hajafika, na chuma hakijui kona. Ukiteleza unavuta wenzako wote. Nimebeba meza, nimebeba mtungi wa gesi, nimembeba mgeni mgongoni, ila hicho hapana.

Tukafika Phantom saa sita na nusu. Chini kule ni dunia nyingine, kipimajoto kilisoma nyuzi 31 na asubuhi hiyo hiyo nilikuwa natetemeka, mawe ni meusi yanahifadhi joto kama jiko la mkaa, halafu katikati ya ukavu wote huo kuna kijito cha maji safi na miti mirefu ya kijani, na vibanda vimejipanga chini ya miti. Vilijengwa 1922, mchoraji ni mwanamke, Mary Colter, akatumia mawe ya mtoni pale pale maana kila kitu kingine ilibidi kije kwa nyumbu. Imetulia, haijipendekezi. Kama nilivyozoea Mandara na Horombo, zile nyumba za mbao za pembetatu za njia yetu ya Marangu, nilitarajia kitu kama hicho, godoro na msumari wa kutundikia koti. Hapa kuna vitanda vya juu na chini, shuka safi, blanketi, choo humo humo ndani, sinki la maji baridi, meza ndogo, na kipoza hewa. Bafu ni la pamoja, nyumba ya pembeni, maji ya moto, taulo na sabuni wanakupa. Kibanda ni kidogo, mabegi mawili yakilala chini mmoja wenu inabidi apande kitandani, nusu nyota imeondoka hapo. Ila nilivyokaa kwenye kile kitanda cha chini na kuvua buti, nikasikia kitu cha ajabu: hamna anayeniita. Hamna wa kusema maji ya kunawa ya wageni yako wapi, hema la chakula limesimama, chai iko wapi. Miaka sita nimefika kambini wa kwanza na kukaa wa mwisho. Nilikaa pale dakika kumi sijui nifanye nini na mikono.

Shemeji akaniambia, "Shem, twende mtoni tukaloweke miguu, wewe leo ni mgeni."

Tukaenda kukaa kwenye kijito. Baridi ya meno. Yule bibi wa kwenye basi tulimkuta yuko pale, ameshaoga, ameshakula, anasoma kitabu miguu iko majini. Hatukumwona hata alipotupita. Akaniangalia kucha, akatoa plasta kwenye mfuko wake akanipa bila kusema neno.

Kantini yao ndo moyo wa mahali, kuna juisi ya limao baridi watu wanaisifia sana na nilidhani ni maneno, hapana, nilikunywa glasi tatu. Chakula cha usiku tuliagiza mchuzi mzito wa nyama ya ng'ombe na viazi na karoti, na mkate wa mahindi. Ule mkate ni mtamu kidogo, kwa Mchaga aliyezoea mahindi na maharage unauangalia kwanza, lakini ukichovya kwenye mchuzi unasamehe yote. Nyama imepikwa mpaka inakatika kwa kijiko. Kitu pekee nilichokikosa ni bisi. Wenzangu wa Kili mnanielewa, ile sahani ya bisi na chai ya saa kumi mgeni akifika kambini. Mtu mmoja awaambie.

Usiku mtandao wa simu hamna kabisa, usijisumbue kunyoosha mkono. Tulitoka nje saa tatu, kuta za korongo zimesimama pande zote nyeusi tii, na katikati umebaki mkanda wa anga umejaa nyota. Shemeji, mtu wa maneno mengi, alinyamaza dakika tano nzima. Nikaenda kulala.

Siku ya pili tulitoka saa kumi na moja alfajiri na taa kichwani. Kupanda tulipita njia nyingine, Bright Angel, ndefu zaidi, inafika kilomita 15 na ushee, ila ina maji na kivuli, na hili nawashauri wote: shukeni South Kaibab, pandeni Bright Angel, msijaribu kinyume. Mto mnauvuka kwa daraja la pili, sakafu yake ni wavu wa chuma unaona maji chini ya miguu, nyumbu wanalikataa kabisa, na sikuwalaumu. Chini ya hilo daraja linapita bomba la maji, lile lile linalolisha hifadhi nzima, limejengwa miaka ya 60, limepasuka zaidi ya mara 80 tangu 2010, sasa hivi wanalibadilisha kwa mamilioni ya dola. Kwa hiyo kabla hujaenda angalia tangazo la maji siku hiyo hiyo. Siyo la wiki iliyopita, la siku hiyo.

Mpaka Havasupai Gardens tulikwenda vizuri. Bustani kweli, chemchemi, miti, mabomba ya maji, ndo nyumbani kwa wale wale waliobeba kebo, walilima hapo mpaka walipoondolewa 1928, na mpaka 2022 pakiitwa Indian Garden ndipo wakarudishiwa jina. Tulipumzika nusu saa. Nikaweka begi chini nikaenda chooni, niliporudi kindi yuko ndani ya mfuko wa pembeni, mkia tu ndo unaonekana nje, anakula karanga zangu, ametoboa kitambaa kama mtu mwenye mkasi. Nilimpigia kelele akaniangalia akaendelea. Wameandika kila mahali usiwape chakula na wanang'ata, weka chakula kwenye masanduku ya chuma, yapo pale pale, mimi ndo sikuweka.

Zile karanga ndo zilikuwa chumvi yangu. Mlinzi wa hifadhi mmoja alitwambia jana yake, kunywa maji tu bila kula cha chumvi ni hatari kama kiu yenyewe, mwili unaoshwa chumvi yote unaanza kupepesuka na kutapika. Shemeji akanigawia krisps zake akiwa amenuna.

Kutoka pale mpaka juu ni kilomita saba na kitu, na hapo ndo deni linadaiwa. Mimi kwa ujuaji nilijaza lita moja na nusu tu, nikajua mbele kuna vibanda viwili vya mapumziko vyenye bomba, nilishaviona kwenye ramani. Tukafika cha kwanza, bomba limefungwa. Linafunguliwa kuanzia mwezi wa tano. Bango lilikuwepo pale bustanini, nililipita naongea. Saa nne na nusu jua limeingia kwenye ukuta, kona baada ya kona, ukiinua kichwa unaona watu juu kabisa wadogo kama sisimizi wanakwenda upande ule ule unaokwenda wewe, na hujui kama ni nusu saa au masaa mawili. Begi langu la kilo kumi na kitu lilikuwa na uzito wa gunia la kahawa. Shemeji amebeba chupa na kofia tu, begi lake liko kwa nyumbu, anatembea anapiga mluzi. Akageuka: "Shem, mbona unahema? Si umetoka mlimani?"

Sikuwa na mate ya kumjibu. Nikaanza kutembea kama tulivyokuwa tunawafundisha wageni, hatua ndogo, pumua kwa pua, usisimame, pole pole, nikajisemea mwenyewe kwa sauti kama mwendawazimu. Na ikafanya kazi. Miaka yote nimewaambia watu pole pole nikidhani ni wimbo wa kuwapumbaza, kumbe ni dawa kweli. Tulitokea juu saa nane mchana, masaa tisa kamili, mara mbili ya muda wa kushuka kama hifadhi walivyosema.

Wanaouliza kama watoto wanaweza: juu kidogo ndiyo, mpaka chini mimi nisingempeleka wa kwangu. Kiangazi, mwezi wa sita mpaka wa nane, chini inapita nyuzi 40, msiende, hata kama mmekulia Lodwar. Stiki mbili ni lazima, kata kucha za miguu kabla, na mlipeni nyumbu.

Kingine nusura nisahau. Pale kantini wanauza kadi za posta, unaandika, wanagonga mhuri kuonyesha imesafirishwa na nyumbu kutoka chini ya korongo, na kweli inatoka kwa nyumbu. Nilimwandikia kaka yangu Marangu, bado yuko mlimani, sasa ni mpishi, nikatumia sanduku la posta la parokia. Ilichukua wiki saba. Juzi kapiga simu, ameisoma yote, mhuri ameuona, nikasubiri aulize korongo likoje au miguu inaendeleaje.

"Sasa hao nyumbu," akasema, "tipu yao anaigawa nani?"